Ahadi za Darini: Historia Fupi ya Mamlaka ya Mafuriko ya Bonde la Miami, Ohio

Barabara ya zamani ya US 40, kaskazini mwa jiji la Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, hupanda juu ya bwawa la Englewood na kushuka upande wa pili, na madereva wengi hupita bila kujua walikuwa juu ya nini. Chini yao kuna tuta la udongo lililoota nyasi, lenye urefu wa kilometa 1.4 na karibu meta 34 kwenda juu. Nyuma ya tuta hilo hakuna ziwa. Kuna miti, vijia vya watembeaji, na mto wa Stillwater unaopenya chini ya ukuta kama vile ukuta haupo. Mgeni atadhani bwawa limekauka, au wajenzi walikosea hesabu. Kumbe utupu huo ndio kazi yenyewe. Mabwawa ya namna hiyo yako matano, na taasisi inayoyatunza, Miami Conservancy District, ambayo hapa tutaiita Mamlaka, iliundwa Juni 1915 na imeshavuka karne moja ya kulinda nafasi isiyo na kitu. Jina lisimchanganye msomaji: Miami hii ni mto wa Ohio, haihusiani na jiji la pwani ya Florida. Ukiuliza Mamlaka inafanya nini mvua kubwa inaponyesha, jibu la kweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ilikwishafanyika wakati jua linawaka, na iliyobaki ni kuhakikisha hakuna aliyeitengua. Historia ya taasisi hii ni historia ya watu waliojua kwamba binadamu husahau, wakajenga kwa kuzingatia usahaulifu huo.

Dayton ilianzishwa mwaka 1796 mahali ambapo mto Great Miami, ndani ya kilometa chache tu, hupokea Stillwater, Mad River na kijito cha Wolf Creek. Kwa biashara mahali pale palikuwa pazuri. Kwa usalama palikuwa pabaya. Mji ulifurika mwaka 1805, ukafurika tena 1847, 1866 na 1898, na karibu kila mara wakazi waliinua matuta kidogo, wakasafisha maduka, wakaendelea na maisha. Jumapili ya Pasaka, tarehe 23 Machi 1913, mvua ilianza kunyesha juu ya ardhi iliyokwisha kushiba. Katika siku chache bonde lilipokea kati ya milimita 200 na 280, na kwa kuwa udongo haukuwa na pa kuweka maji, sehemu kubwa mno ya maji hayo ilikwenda moja kwa moja mitoni. Jumanne asubuhi matuta yalizidiwa. Katikati ya jiji maji yalifika kina cha hadi meta 6, bomba za gesi zikapasuka, na majengo yakaungua huku yamesimama majini, wazima moto wasiweze kuyafikia. Kusini zaidi, mji wa Hamilton ulipoteza madaraja yake yote manne. Bondeni kote walikufa watu zaidi ya 360, na hasara ilikadiriwa kupita dola milioni 100 za wakati ule. Maji yaliingia hata nyumbani kwa akina Wright, ndugu waliobuni ndege, yakazamisha mabamba ya kioo ya picha zao. Bamba la picha mashuhuri ya ndege yao ikipaa kwa mara ya kwanza mwaka 1903 lilinusurika, lakini pembe yake moja iliharibika.

Maelfu ya watu walikesha darini, chini ya mapaa yao, wakisikiliza maji yakipanda ngazi. Huko ndiko kila mmoja alikoapa kwamba akitoka salama atafanya lolote ili jambo lile lisirudi. Viapo vya namna hiyo ni vyepesi kutolewa na vyepesi kusahauliwa, na viongozi wa jiji walilijua hilo. Mwezi Mei, majuma machache tu baada ya maji kupungua, walianzisha mchango wa fedha za kuzuia mafuriko, na wito wao ulikuwa mfupi: kumbuka ahadi ulizoweka darini. Miongoni mwa waliousukuma mchango huo alikuwa John H. Patterson, mwenye kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha, ambaye mafundi wake walikuwa wameunda takribani mashua 300 za uokoaji siku zile za gharika. Zilipatikana ahadi za zaidi ya dola milioni 2, kutoka kwa watu ambao wengi wao walikuwa bado wanakokota tope nje ya nyumba zao. Waswahili husema ahadi ni deni. Dayton waliuchukua msemo huo, bila kuusikia, kwa maana yake ya kihasibu kabisa: waliandika ahadi kama deni lenye kiasi na jina la mdaiwa kabla hofu haijapoa.

Fedha hizo ziliwawezesha kumwajiri Arthur Morgan, mhandisi wa miaka 35 hivi asiye na shahada ya chuo kikuu, aliyejifunza kazi kwa kuifanya. Watu walitaka jibu la haraka, nalo lilionekana dhahiri: upanue mto, uinue matuta, umalize. Morgan alikataa kuharakishwa. Hesabu zake zilionyesha kwamba mfereji wa kupitisha maji ya 1913 katikati ya Dayton ungehitaji upana ambao ungemeza sehemu kubwa ya jiji lililokusudiwa kulindwa, na juu ya hayo ungewatupia watu wa Hamilton mzigo wote kwa kasi zaidi. Akawaambia kwamba tatizo ni la bonde zima. Kisha akageukia swali ambalo wajenzi wengi wa zama zake walilikisia tu: mvua inaweza kunyesha kiasi gani? Wahandisi wake walichambua kumbukumbu za dhoruba za mashariki mwa Marekani, wakazichapisha mwaka 1917 katika ripoti iliyobaki kuwa rejea kwa wahandisi wengine. Walitazama pia kumbukumbu za karne nyingi za mito ya Ulaya, kwa sababu Ohio ya wazungu ilikuwa na umri wa miaka mia moja na kitu, na mto unaweza kuficha tabia yake kwa muda mrefu kuliko huo. Mwishoni waliamua kujenga kwa ajili ya gharika ya 1913 pamoja na takribani asilimia 40 zaidi. Kiasi hicho cha ziada ni kukiri kwa tarakimu kwamba baya kuliko yote uliloliona si lazima liwe baya kuliko yote yanayowezekana.

Umbo la mabwawa lilitokana na fikra hiyo hiyo. Wahandisi walijua mfano wa kuta za Pinay kwenye mto Loire, Ufaransa, zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya 18, ambazo ziliacha mto upite siku za kawaida na kuubana siku za gharika. Mabwawa ya Miami yanafanya kazi kwa kanuni hiyo. Chini ya kila bwawa kuna matundu makubwa ya zege yaliyo wazi daima. Siku za kawaida mto hupita humo bila kugusa dari. Mvua ikizidi, maji yajayo huwa mengi kuliko yanayoweza kupenya, nayo ziada hupanda na kutanda kwenye mashamba yaliyo nyuma ya ukuta. Upana wa matundu ulipimwa ili yanayotoka yasizidi uwezo wa mto kule mijini. Mvua ikikatika, maji yaliyotanda huondoka yenyewe, na baada ya siku chache bonde huwa tupu tena. Yanapotoka, maji hayo huwa na nguvu ya kuchimbua msingi wa bwawa lenyewe, kwa hiyo mbele ya matundu iliwekwa ngazi na kidimbwi cha zege ambamo mkondo wa kasi huumuka ghafla, hupiga povu, na kupoteza ukali wake kabla ya kuingia mtoni. Katika mfumo huu wote wa mabwawa hakuna lango wala mtambo unaosubiri kuwashwa.

Ukosefu wa malango ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Bwawa lenye lango linahitaji mtu wa kuamua, na mtu huyo ataamua usiku wa manane, umeme umekatika, simu zinalia, wa juu wanamtaka afungue na wa chini wanamwomba afunge. Anaweza kukosea kwa nia njema. Anaweza pia kushawishiwa. Tundu lililo wazi halishawishiki, halisinzii na halina jamaa upande wowote wa mto. Wajenzi wa Miami waliufanya uamuzi ule mara moja, mchana, mbele ya mahakama na wahasibu, kisha wakaufunga ndani ya zege. Kwa hiyo inaposemwa kwamba Mamlaka imeyadhibiti maji ya mvua fulani, tuelewe kwamba usiku huo hakuna aliyeketi akichagua nani azame. Uchaguzi ulikwishafanyika mwanzoni mwa karne iliyopita, na gharama yake ikalipwa.

Hapo ndipo penye pingamizi la kwanza, na zito: nani aliyelipa? Mto haujui mipaka ya kaunti, lakini wapiga kura wanaijua. Sheria ya Conservancy ya Ohio, iliyotiwa saini na Gavana James M. Cox Februari 1914, iliruhusu kuundwa kwa chombo kinachovuka mipaka hiyo, chini ya mahakama maalumu yenye jaji mmoja kutoka kila kaunti kati ya tisa zinazohusika. Wakulima wa kaunti za juu waliipinga kwa nguvu. Kwa nini mashamba yao yafurike ili maduka ya Dayton yakauke? Walikuwa na haki ya kuuliza. Zaidi ya hayo, neno bwawa lenyewe lilitisha: mwaka 1889 bwawa lilipasuka juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, na kuua watu zaidi ya 2,200. Sheria ilipelekwa mahakamani na kushinda, lakini jibu la kweli lilikuwa kwenye malipo. Mamlaka ilinunua ama ardhi yenyewe ama haki ya kuifurikisha, na ardhi iliyobaki mikononi mwa wakulima iliendelea kulimwa, kwa masharti ya kutojenga humo. Fedha hazikutoka serikali kuu ya Marekani wala hazikugawanywa sawa kwa kila mkazi. Makumi ya maelfu ya viwanja vilikaguliwa kimoja kimoja, na kila mwenye kiwanja akatozwa kulingana na manufaa atakayoyapata. Aliyekuwa bondeni Dayton alilipa, aliyekuwa mlimani hakuguswa, na aliyeombwa aupokee mzigo wa maji alilipwa.

Hata hivyo fidia haiponyi kila jeraha. Mji mdogo wa Osborn ulikuwa ndani ya eneo ambalo lingefurikishwa na bwawa la Huffman, na ulilazimika kuhama. Nyumba takribani 400 zilinyanyuliwa zikavutwa, moja baada ya nyingine, hadi kando ya mji wa Fairfield, na mwaka 1950 miji hiyo miwili iliungana kuwa Fairborn. Wakazi walibaki na nyumba zao lakini wakapoteza mahali, na hakuna hesabu ya manufaa inayojua kuandika hasara ya namna hiyo. Historia ya Mamlaka isiyoutaja mji wa Osborn haijakamilika. Linaloweza kusemwa kwa upande wa utetezi ni kwamba hasara hii ilionekana, ilijadiliwa na kulipiwa kabla ya maji kuja, ilhali hasara ya 1913 iliwaangukia watu usingizini. Ujenzi ulianza mwaka 1918 na mabwawa yakawa tayari mwaka 1922: Germantown, Englewood, Lockington, Taylorsville na Huffman, pamoja na matuta ya mijini ambayo leo yana urefu wa karibu kilometa 90. Gharama ilipita dola milioni 30, zilizokopwa kwa hatifungani. Hatifungani ya mwisho ililipwa mwaka 1949, baada ya mdororo mkuu wa uchumi na vita vya pili vya dunia.

Mabwawa yanajiendesha, lakini Mamlaka haijakaa bure. Mvua ya mjini haipiti kwenye bwawa. Huanguka juu ya mapaa na lami, huingia kwenye mitaro, na mitaro hiyo hupenya chini ya matuta kwenda mtoni. Siku za kawaida mteremko unatosha. Mto unapojaa, njia hiyo hiyo hugeuka: maji ya mto yanaweza kurudi kinyumenyume kupitia mtaro na kuibukia barabarani, ndani ya tuta lililokusudiwa kuyazuia. Kwa hiyo kwenye mitaro hiyo yamewekwa malango, na hapa mkono wa binadamu hauepukiki. Wahudumu hufuatilia vipimamvua na vipimo vya kina cha mto, na kina kikifika alama iliyowekwa kwa kila lango, lango hilo hufungwa. Lango likishafungwa, mvua inayoendelea kunyesha ndani ya mji haina pa kwenda yenyewe, na palipo na pampu, pampu hufanya kazi. Katika mabwawa wahudumu huondoa magogo na takataka ziletwazo na mto zisije zikaziba matundu. Kiangazi hukata nyasi, kwa sababu tuta lililofunikwa na vichaka haliwezi kukaguliwa, na shimo la mnyama mdogo au mzizi wa mti uliooza vinaweza kuwa njia ya maji. Kazi hizi hazina shangwe. Tangu kukamilika, ukihesabu kila bwawa peke yake, mabwawa yameshazuia maji zaidi ya mara 2,000, na mara nyingi wakazi wa chini hawakujua kilichokuwa kikiendelea. Januari 1959, katika mojawapo ya mafuriko makubwa tangu 1913, yalijaa maji mengi na bado yakabaki na nafasi.

Ndiyo maana pingamizi la pili hurudi kila kizazi: mabwawa matano kukaa matupu ni ufujaji. Kwa nini yasizalishe umeme? Kwa nini yasiwe maziwa ya uvuvi na utalii? Morgan aliliona swali hili likija. Kwenye kila bwawa kiliwekwa kibao kinachosema kwamba mabwawa haya ni ya kuzuia mafuriko, na kwamba kuyatumia kwa umeme au kuhifadhi maji kungekuwa hatari kwa miji iliyo chini. Si woga wa maendeleo: Morgan huyo huyo alikwenda kuwa mwenyekiti wa kwanza wa Tennessee Valley Authority mwaka 1933, ambako mabwawa yalijengwa kwa umeme na kwa kuzuia mafuriko pamoja. Alijua kwamba matumizi mawili huvutana. Anayeuza umeme anataka bwawa lijae; anayeogopa gharika anataka liwe tupu, na kati ya gharika moja na nyingine mwenye bidhaa ya kuuza ndiye husikilizwa. Bwawa la Johnstown lilikuwa limeshikilia ziwa la starehe la klabu ya uvuvi na uwindaji siku lilipopasuka. Isitoshe, si kweli kwamba ardhi hii haitumiki. Inalimwa, ina bustani za umma na misitu. Nyuma ya bwawa la Huffman kuna uwanda ambao akina Wright walijifunzia kuendesha ndege yao mwaka 1904 na 1905. Kwa kuwa eneo hilo laweza kufurika, halikujengwa, na leo limehifadhiwa likiwa bado majani matupu.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi leo: ulinzi huzaa uzembe. Nyuma ya tuta imara watu hujenga kwa kujiamini, thamani ya mali hupanda, na siku tuta litakaposhindwa hasara itakuwa kubwa kuliko kama lisingekuwapo. Tena mvua zinabadilika; hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi zaidi, na hesabu za 1917 zilifanywa kwa tabianchi ya zamani. Hoja hii ni ya kweli na haifutwi na sifa za waanzilishi. Asilimia 40 ya ziada ni akiba, na akiba yoyote ina mwisho. Mfumo huu pia hauahidi kwamba barabara haitafurika pale ambapo mtaro wa mtaani ni mdogo. Hilo ni jukumu la kila mji. Lakini tazama pingamizi linaelekea wapi. Linatuambia kwamba zege halitoshi, na kwamba kinachohitajika ni chombo kinachopima upya, kinachokagua, kinachokataza ujenzi mahali pa maji, na kinachotoza fedha za matengenezo hata wakati hakuna anayeogopa. Yaani linahitaji taasisi. Wanaosema mabwawa hayatoshi wanakubaliana na Morgan kuliko wanavyodhani.

Udhaifu wa Mamlaka, basi, uko mahali pengine. Wakurugenzi wake huteuliwa na mahakama ile maalumu, hawachaguliwi moja kwa moja na walipaji, na walipaji wa leo hawakukesha darini. Mwaka 2024, tathmini mpya ya mali ilipopandisha tozo kwa wamiliki wengi, malalamiko yalikuwa makali, hasa Hamilton, na nyongeza ikasitishwa kwanza. Ni rahisi kuwaona walalamikaji kama watu wasio na kumbukumbu, lakini mtu anayeletewa ankara kubwa kwa hatari ambayo hajawahi kuiona ana haki ya kuelezwa, kama wakulima wa 1914 walivyokuwa na haki. Mfumo uliofanikiwa huficha ushahidi wa manufaa yake: zile mara 2,000 ambazo maji yalizuiwa hazina picha wala waliookolewa wenye majina. Kwa hiyo kazi ya kueleza ni sehemu ya matengenezo, sawa na kukata nyasi na kupaka lango grisi. Deni la hatifungani lilikuwa la fedha, nalo lilikwisha mwaka 1949. Lile la darini hulipwa kidogo kidogo kila mwaka, na anayelilipa ni mtu ambaye hakuapa, kwa niaba ya mwingine atakayelala nyumbani kwake usiku wa mvua kubwa, mto ukipita nje ya tuta, asijue kwamba kule juu bonde limejaa.